Nyumba Iliyomwitikia Bibi

Nyasi zikikatwa asubuhi na kuanikwa juani hutoa harufu ambayo siwezi kumweleza mtu ambaye hakulelewa juu yake. Si harufu ya majani mabichi, wala si ya majani makavu ya kulishia ng'ombe. Mwezi uliopita niliinusa mjini, kando ya barabara, mahali ambapo vijana walikuwa wamefyeka ukingo wa mtaro na kuziacha nyasi zikauke palepale. Nilisimama na mfuko wangu wa nyanya, watu wakinipita na kunitazama, na kilichonijia kichwani hakikuwa ng'ombe wala shamba. Zilinijia spika.

Labda ni kwa sababu wiki hiyo mwanangu alikuwa akinisumbua na picha za spika kwenye simu. Amepanga chumba kimoja, kidogo, na alitaka nimsaidie kuchagua zinazolingana na mfuko wake. Hajui kwamba mama yake ana historia na jambo hilo. Wenzangu mliokulia kwenye nyumba za bati, redio ikifunikwa kitambaa cha kufuma kama mgeni wa heshima, mtanielewa nikisema kwamba kununua spika nyumbani kwetu halikuwa jambo la starehe. Zilinunuliwa ili Bibi asiondoke.

Tulikaa Kihanga, kwenye kibanja cha migomba na mibuni alichokiacha Babu. Nilipozaliwa familia yote iliishi kwenye msonge, nyumba ya duara iliyoezekwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Ndani kulikuwa na nyasi pia, zilizotandikwa chini nene kiasi kwamba mtoto akianguka haumii. Nyasi hizo zilikuwa kazi ya Bibi. Alizikata bondeni, akazianika, akazitandika, na zikichakaa akazitoa na kuleta nyingine, na hakuna mtu aliyewahi kumsaidia kwa namna iliyompendeza. Mgeni wa maana akitarajiwa, zilibadilishwa hata kama bado nzuri. Kumkaribisha mtu kwenye nyasi zilizokwisha kukaliwa na wengine ilikuwa sawa na kumpa sahani yenye makombo.

Babu alipofariki, msonge haukuchelewa sana kuinama. Baba akakusanya fedha za kahawa, akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma na bati. Ilikuwa nyumba ndogo, na sebule yake ndiyo ilikuwa ndogo kuliko vyumba vyote; wageni wanne wakishakaa, wa tano aliongea akiwa mlangoni. Lakini ilikuwa na sakafu ya saruji, na saruji hiyo ndiyo ilikuwa fahari ya Mama. Aliipaka rangi nyekundu ya sakafu, akaisugua kwa kitambaa akiwa amepiga magoti, mpaka ukiinama unayaona meno yako. Nyasi alizipiga marufuku. Bwana afya alikuwa amepita akisema zinafuga viroboto na funza, na Mama, ambaye alikuwa amechokonoa funza wa kutosha kwenye vidole vyetu, hakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo.

Bibi alipewa chumba chake na kiti chake cha mbao. Alikikalia kama mtu aliyeambiwa asubiri kuitwa, miguu haifiki chini. Na baada ya muda alianza kulalamika. Alisema Kinyambo tu maisha yake yote, kwa hiyo maneno yake nayaweka hapa kwa Kiswahili.

"Nikikohoa, nyumba inakohoa," alimwambia Baba. "Nikimwita mtoto, nyumba nayo inamwita. Siwezi kuishi na nyumba inayoniitikia."

Wakubwa walitazamana. Walielewa kwamba ni majonzi, mama wa watu amefiwa na mume, apewe muda. Mimi nilielewa vingine kabisa. Nilikuwa darasa la pili au la tatu, na nilielewa kwamba ndani ya ukuta kuna mtu. Nilifanya uchunguzi wangu. Siku moja wote wakiwa shambani, niliingia sebuleni peke yangu nikakohoa, na yule mtu akakohoa. Nikasema jina langu, akalisema mwisho wake. Nilitoka mbio hadi kwenye migomba. Sikumwambia mtu yeyote, kwa sababu Bibi alikuwa amekwisha waambia na hawakufanya lolote. Mimi ningekuwa nani?

Kisha Bibi akatangaza kwamba kahawa ikimalizika kuchumwa atahamia Isingiro kwa mdogo wake wa kiume, ambaye bado anaishi kwenye nyumba ya nyasi. Alilisema polepole, akiwa anamenya ndizi, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Baba hakula siku hiyo. Kwetu mama mzazi kuondoka kwenye nyumba ya mwanawe na kwenda kulishwa na mdogo wake ni jambo ambalo majirani hawalimalizi kulizungumza hata miaka ikipita. Lakini haikuwa aibu tu. Baba alimpenda mama yake, na alipenda awe karibu, na nyumba ile kwa kiasi kikubwa aliijenga kwa ajili yake. Nami nilikuwa nalala na Bibi. Nikimfikiria akiwa Isingiro, nilimsogelea zaidi.

Baba alikuwa na kitu kimoja cha kumshikia. Babu enzi zake alikuwa mpigaji enanga. Kwa ambao hamkuiona, enanga ni ubao mrefu uliochongwa ukawa na tumbo kama hori, uzi unapitishwa juu yake kwenda na kurudi, na mpigaji huulaza mapajani na kusimulia habari za watu wa zamani huku akiudonoa. Miezi kadhaa kabla Babu hajafariki, Baba aliazima redio kaseti ya mtu, akaiacha ikimrekodi ndani ya msonge huku mwenyewe akienda kwenye kwaya. Kaseti hiyo ilikaa kwenye sanduku la nguo, imefungwa kwa leso. Tulikuwa na redio yetu ndogo yenye mahali pa kaseti, na Baba aliwahi kumwekea Bibi kaseti hiyo. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba kama mbu aliyefungiwa kwenye kopo. Enanga nzito yote ilikuwa imepotea. Bibi alisikiliza kidogo, akasema, "Huyu simjui," akaendelea na mambo yake.

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani, Mlutheri wa kulala na kitabu cha nyimbo, na masikio yake aliyaamini. Alikata shauri kwamba kosa ni mdomo wa redio kuwa mdogo. Nilikuwa napukuchua maharage jikoni alipomwambia Mama.

"Mama yangu akimsikia marehemu Baba ndani ya nyumba hii, hataenda Isingiro."

Mama alikuwa ameziweka fedha hizo akilini mwake kwa ajili ya mapipa ya kuvunia maji ya mvua. Alipuliza moto, halafu akasema sawa, mapipa yatangoja. Nami nikapata maelezo yangu mwenyewe ya mambo ya wakubwa: Baba anakwenda kununua sauti kubwa ya kumfukuza yule wa ukutani. Nilifurahi mno. Hatimaye mtu alikuwa amemsikiliza Bibi.

Nilichukuliwa kwenda Kayanga, kwenye maduka, kwa sababu Baba alihitaji mtu wa kushika kaseti. Nilikaa nyuma kwenye baiskeli, kaseti kifuani, ndani ya leso yake. Zilikuwa siku ambazo madukani vitu vilikuwa vimeanza kuonekana tena baada ya ukame mrefu, na duka tulilokwenda lilikuwa limeshiba: mablanketi yamepangwa kuta zote, magodoro hadi darini, majora ya vitenge juu ya meza, na kwenye kona, juu ya marobota ya mitumba, redio na spika. Shikamoo yangu ilimezwa na mablanketi; hata mwenyewe sikuisikia vizuri, ikabidi niirudie.

Mwenye duka alikuwa kijana mchangamfu. Moja kwa moja akatupeleka kwenye spika ambazo zilinifika kifuani. Kila moja ilikuwa na vinywa vitatu na taa zilizowaka nyekundu na kijani muziki ulipolia. Alipozifungulia, vioo vya kabati vilitetemeka, na mimi moyoni nikasema basi, kazi imekwisha, yule mtu atatoka hata kwa dirisha. Pembeni kulikuwa na jozi nyingine, visanduku vya mbao vya rangi ya kahawia, kinywa kimoja kimoja, vimefunikwa kitambaa cheusi. Kimoja kilikuwa kimechubuka pembe, na kwa sababu hiyo bei yake ilikuwa imeshushwa. Sikuvitazama mara mbili.

Baba aliomba kaseti. Kisha akafanya jambo lililonitia aibu mbele ya watu. Alizipa spika mgongo. Alisimama akiyatazama mablanketi, mikono nyuma, kichwa kimeinama, kama anavyofanya kwenye kwaya anapotaka kujua nani anaimba pembeni. Babu akaanza kupiga kwenye zile spika kubwa, na enanga ikajaa dukani kama ngoma. Baba akasema ipunguzwe. Ikapunguzwa. Akasema ipunguzwe tena.

"Mzee, ukishusha hivyo utasikia nini?" kijana akauliza.

"Maneno," Baba akasema.

Ikashushwa, na maneno hayakusikika. Uzi mnene wa enanga ulikuwa umemeza kila kitu. Baba akauliza zinakula betri kiasi gani, kwa kuwa sisi tulitumia betri ya gari, tuliyoipeleka kuchajiwa kwenye mashine ya kusaga. Kijana akakuna kichwa. Akauliza chumba chenyewe kikoje. Baba akamwonyesha kwa kutembea: kutoka robota hili hadi mlangoni, na kutoka meza hii hadi ukutani. Kijana, namshukuru mpaka leo kwa uungwana wake, akasema basi kwa chumba hicho hizo kubwa ni za kukutoa nje, sikiliza hizi.

Visanduku vidogo vilipoanza, nilimsikia Babu akivuta pumzi kabla ya kusema. Sikuwa namkumbuka vizuri, lakini pumzi hiyo niliikumbuka. Mama mmoja aliyekuwa akichagua kitenge aliacha kukunjua.

"Nani huyo, waitu, jamani?" akauliza.

"Baba yangu," Baba akasema, bado akiyatazama mablanketi. Hakugeuka kwa muda, na nadhani alikuwa akilia.

Alivinunua. Njiani, vikiwa vimefungwa pande mbili za baiskeli na mimi katikati, sikuweza kujizuia. Nilimuuliza kama hivi vidogo vitamweza. Akauliza vitamweza nani. Nikasema anayemwitikia Bibi. Baba alikanyaga pedali mpaka tukamaliza kupanda kilima, akihema, halafu akasema vitamweza kabisa. Alidhani nazungumzia majonzi. Nami nilidhani amenielewa.

Siku ya kuzifungulia spika, majirani walikuja bila kualikwa, kama ilivyo kawaida. Baba aliziweka juu ya kabati, moja huku na nyingine kule, akaunganisha nyaya, akamtoa Bibi chumbani na kumkalisha kwenye kiti chake. Akabonyeza.

Lililotoka lilikuwa fujo. Babu alisema neno, na neno hilo likagonga ukuta, likagonga bati, likagonga sakafu ya Mama, likarudi kukutana na neno la pili kabla halijamaliza kutoka. Enanga ilivuma kama nyuki kwenye debe. Sijawahi kuogopa vile. Yule wa ukutani hakuwa ameogopa hata kidogo. Sasa alikuwa amejifunza kumwigiza Babu.

Bibi alisikiliza, mikono mapajani. Halafu akashuka kwenye kiti.

"Hata yeye inamwitikia," akasema, akaenda jikoni.

Waliobaki wote waligeuka mafundi. Mmoja alisema betri ni dhaifu, mwingine akasema ndiyo matokeo ya kununua kitu kilichochubuka. Jirani yetu Kaiza, mtu mwenye moyo mzuri na mawazo mengi, alikwenda kwake akarudi na mtungi, akaapa kwamba spika ikiwekwa juu ya mdomo wa mtungi inapata besi ya mjini. Ukweli ni kwamba wengi walifanya hivyo siku zile. Lakini mtungi wake ulikuwa wa pombe, sebule yetu ya kilokole ikanuka rubisi, na Babu akatoka akiongea kama mtu aliyeko chooni. Mama aliutoa mtungi nje kwa mikono yake mwenyewe.

Wiki ile Baba alizihamisha spika kila mahali. Alizishusha chini, akazipandisha kwenye stuli, akaziegemeza kwenye kona, akazielekeza dirishani. Alipunguza besi mpaka Babu akawa mwanamke. Kila jioni akirudi kutoka shambani alikuwa nazo, na kila jioni alizima akiwa amechoka zaidi. Mwishowe alifikia uamuzi kwamba yule kijana wa duka alimbadilishia mzigo wakati wa kufunga, na akazifunga tena kwenye gunia azirudishe Jumatatu. Jumatatu hiyohiyo ndiyo kulikuwa na gari la kwenda upande wa Isingiro. Mzigo wa Bibi ulikuwa tayari, kitenge kimoja kimefungwa fundo, umesimama nyuma ya mlango wa chumba chetu. Usiku niliuvuta karibu nikaulaza mguu wangu juu yake ili usichukuliwe bila mimi kujua.

Jumamosi asubuhi Bibi alimfuata Mama uani. Hawakuwa wakigombana, wale wawili. Walikuwa wakipishana kwa adabu, jambo ambalo naona ni gumu zaidi. Nilikuwa naosha vyombo, nikasikia yote.

"Mwanangu," Bibi akasema, "nataka kumsikia mara moja kabla sijaenda. Hata vibaya vibaya vile."

Mama akasema hilo halina shida, atamwambia Baba afungue gunia.

"Lakini si juu ya sakafu hii. Mume wangu hajawahi kupiga enanga mahali pasipotandikwa. Hata msibani walimtandikia kwanza, ndipo akakaa. Nikimwita bila nyasi nitakuwa nimemwita kama mtu asiyetakiwa."

Mama alitazama mlango wa sebule. Wekundu wa sakafu ulionekana kutoka pale tulipokuwa. Nilijua jinsi magoti yake yalivyokuwa yamekomaa kwa ajili ya wekundu huo. Alikausha mikono yake taratibu.

"Sawa, Mama. Mpaka Jumatatu."

Tulikwenda bondeni, mimi na Bibi. Mundu wake ulikuwa umekwisha fungwa ndani ya mzigo na hakutaka kuufungua, kwa hiyo aliazima wa kwa Kaiza, butu, akaulaani njia nzima. Alikata, mimi nikakusanya. Alinionyesha za kuchukua na za kuacha, akanionyesha jinsi ya kukung'uta kila shada ili vidudu vibaki bondeni. Tukazianika uani jua lote la siku ile, na tena Jumapili wakati wengine wako kanisani. Nyumba nzima ikanukia. Baba aliporudi kutoka kwenye kwaya alisimama mlangoni na kitabu chake cha nyimbo, akavuta harufu, akakaa chini kwenye ngazi.

Bibi alitandika peke yake. Alianzia ukutani, mashina nje na ncha ndani, tabaka juu ya tabaka, akazisukuma hadi kwenye kona, akazipandisha kidogo ukutani kama alivyozoea kwenye msonge. Wekundu wa Mama ulizama. Viti vilitolewa vyote, kwa sababu mtu hawezi kukaa juu ya kiti mbele ya nyasi mpya. Baba akaziweka spika juu ya kabati, bila matumaini, naweza kusema, kwa adabu tu. Jua lilikuwa bado halijazama. Tulikaa chini: Bibi, Baba, Mama karibu na mlango, mimi kwenye mapaja ya Bibi. Baba akabonyeza.

Babu akavuta pumzi. Akasema neno moja, na neno likakaa mahali pake. Akasema la pili. Uzi mnene wa enanga ukaguna chini yake, mpole, bila kumsukuma. Nyuma yake tulisikia kuku wa siku ile, na mtu akitupa kuni chini, na mvua nyepesi juu ya nyasi za paa ambalo halikuwapo tena. Baba aliweka mkono mdomoni. Mimi nilikuwa nikingoja yule wa ukutani aanze, naye hakuanza.

Katikati ya masimulizi Babu alisimama. Alikuwa akikaza uzi, unasikika ukilia, unapanda. Baba alituambia baadaye kwamba mahali hapo kwenye redio ndogo aliwahi kupasikia kama kelele tu, na siku zote alidhani kaseti imeharibika. Uzi ukalia mara nyingine. Bibi, macho yamefumbwa, akasema:

"Bado. Kaza."

Na kwenye spika, kutoka mbali, upande wa jikoni ya msonge, sauti yake mwenyewe ikasema, "Bado. Kaza."

Babu akakaza. Akajaribu. "Hapo?" akauliza.

"Hapo," wakasema Bibi wote wawili, na enanga ikaendelea.

Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba ni yeye aliyekuwa akimlinganishia nyuzi, miaka yote ile, kutoka jikoni, akikoroga chungu. Baba alikuwa ameamini siku zote kwamba masikio yake ameyatoa kwa Babu. Bibi alilia kidogo, si kwa sauti, machozi yakinidondokea shingoni, na kaseti ilipofika mwisho alisema maneno mawili tu: "Ndiye huyu."

Kila mtu alipata maelezo yake. Baba alisema spika mpya zinahitaji kuzoea kwanza, zilikuwa hazijafunguka. Kaiza alisema mtungi wake uliziweka sawa, matokeo yakachelewa tu. Bibi hakuona cha kueleza; mtu ametandikiwa, amekuja. Mimi nilisubiri wote watoke, nikasimama katikati ya sebule na kukohoa. Kimya. Nikaita jina langu kwa nguvu. Kimya. Spika ndogo zilikuwa zimemweza. Niliamini hivyo utoto wangu wote, na hata nilipokuwa msichana mkubwa niliziheshimu spika zile kama mtu anavyomheshimu mbwa aliyewahi kuua nyoka.

Ni wiki iliyopita tu, kwa mwanangu, ndipo nilipoelewa. Alikuwa amenunua spika, ndogo, za bei nzuri, na akanipigia simu akilalamika kwamba dukani zililia vizuri na chumbani zinapiga kelele. Nilikwenda. Chumba kilikuwa na vigae chini na ukuta mtupu. Nikamsalimia, na chumba kikamsalimia pamoja nami. Nilisimama pale mlangoni na mkoba wangu, mwanamke mzima, na ngozi ikanisisimka. Nilitandika mkeka, nikaning'iniza blanketi ukutani, nikalisimamisha godoro lake la akiba kwenye kona, na muziki ukatulia. Mwanangu akauliza nimejifunzia wapi. Nikaona akilini mablanketi ya duka la Kayanga yakimeza shikamoo yangu, na nyasi zikizama kwenye kona za sebule yetu. Nikamwambia ni bibi yake mzaa babu, na kwamba naye hakujua kama anafundisha.

Jumatatu ile asubuhi Mama aliingia sebuleni na fagio. Bibi alikuwa amekwisha amka, ameketi kwenye nyasi, miguu imenyooshwa, mzigo pembeni yake, akisubiri gari. Alikohoa. Nyumba haikukohoa. Nikamwona akigeuza kichwa kidogo, akisikiliza, kisha akakohoa tena, kwa makusudi safari hii.

Mama alikuwa ameliona hilo. Alisimama na fagio lake. Kwa mbali gari lilisikika likipanda kilima.

"Hizi nyasi," Mama akasema, "zinakaa muda gani kabla ya kuingia viroboto?"

"Ukizibadilisha mapema, hawaingii."

"Mimi sijui kuzikata. Zitanichana mikono."

"Zitakuchana kweli," Bibi akasema.

Gari lilifika njia panda, likapiga honi, likapiga tena. Baba alikuwa uani ameshika baiskeli, hathubutu kuingia. Mama akaliegemeza fagio ukutani, akatoka kwenda kuwasha moto wa chai. Bibi alikaa akiisikiliza honi mpaka dereva alipochoka na kuondoka. Kisha akauvuta mzigo wake, akafungua fundo, akaanza kuutafuta mundu.